PIKAPU IKICHEMKA TENA BAADA YA MATENGENEZO: TAFUTA SABABU KABLA YA KUTAFUTA KIPURI

Mtu akiuliza jijini Kigali ni wapi gari hupelekwa likiugua, hatakosa kutajiwa Gatsata. Sekta hiyo ya Wilaya ya Gasabo iko kaskazini mwa jiji, katika bonde la mto Nyabugogo, kandokando ya barabara iendayo Gatuna kwenye mpaka wa Uganda. Huko kuna gereji na maduka ya vipuri, ambavyo wenyewe huviita piyesi, na fundi wa magari huitwa umukanishi. Kama ilivyo Kirinyaga Road mjini Nairobi au Katwe mjini Kampala, ujuzi umegawanyika kwa mafungu. Huyu hushughulika na rejeta, yule hunyoosha hedi, na mwingine ni bingwa wa umeme.

Mgawanyo huo wa kazi una faida kubwa, kwa maana kila mmoja huijua sehemu yake barabara. Lakini una hatari moja ambayo dereva wa jeshi au wa polisi hana budi kuifahamu. Ukimpelekea fundi wa rejeta gari linalochemka, atatengeneza rejeta. Ukimpelekea fundi wa hedi, atafungua hedi. Wote wawili watakuwa wamefanya kazi ya haki, na huenda gari likachemka tena kesho yake. Kazi ya kuuliza kwa nini gari limechemka haimo katika fungu la yeyote kati yao. Kazi hiyo ni ya yule aliyekabidhiwa gari.

MFANO WA PIKAPU YA DORIA

Natuchukue mfano. Pikapu ya dizeli, tuseme Toyota Hilux yenye injini ya 2L ya sentimita za ujazo 2,446, inatoka Nyabugogo na askari sita nyuma, inashika barabara ya Musanze na kuanza kuupanda mlima wa Kanyinya hadi Shyorongi. Kabla haijafika juu, mshale wa geji ya joto unaingia katika nyekundu na mvuke unafumka chini ya boneti. Gari linavutwa hadi Gatsata. Rejeta inaonekana kuukuu, basi inafungwa mpya.

Baada ya wiki mbili gari linachemka tena mlimani. Safari hii fundi anaiondoa themostati na kuitupa, akisema kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Sasa gari linachemka hata katika barabara tambarare. Hedi inafunguliwa, gasketi iliyoungua inatolewa na mpya inafungwa. Siku ya tatu, mvuke. Fedha za umma zimelipwa mara tatu, gari limekaa gereji siku nyingi kuliko lilivyokaa kazini, na kikosi kimeanza kuliita gari hilo kisirani.

Hakuna gari lenye kisirani. Liko gari ambalo halijachunguzwa. Ndugu zetu wa polisi wanajua kwamba mpelelezi hamkamati mtu wa kwanza anayemkuta njiani halafu akaifunga jalada. Huanza kwa kuuliza nini kilitokea, lini, wapi, na nani alikuwapo. Injini nayo hupelelezwa vivyo hivyo.

KWA NINI MILIMA YETU NI MIKALI KWA INJINI

Kila askari alifundishwa shuleni kwamba maji huchemka yakifikia joto la digrii 100. Jambo hilo ni kweli pwani, Mombasa au Dar es Salaam. Kadiri mtu anavyopanda juu, ndivyo uzito wa hewa unavyopungua na ndivyo maji yanavyochemka mapema, takriban digrii moja kwa kila mita 300. Katika mwinuko wa mita 1,500, ambao ni wa sehemu nyingi za Kigali, maji huchemka kwenye digrii 95 hivi. Gicumbi, penye mwinuko unaozidi mita 2,000, huchemka kwenye digrii 93 au chini yake.

Sasa injini nzima na yenye afya hufanya kazi katika joto la kati ya digrii 80 na 95. Maana yake ni kwamba katika milima ya Rwanda, kama ilivyo katika nyanda za juu za Kenya, Kigezi au Kivu, maji yaliyo wazi ndani ya injini yangekuwa yanakaribia kuchemka wakati wote, hata bila ugonjwa wowote.

Kinachozuia jambo hilo ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko hiki kina springi na mpira, na kazi yake ni kuyafungia maji ndani chini ya shinikizo. Vifuniko vingi vya pikapu hushikilia shinikizo la karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, na shinikizo hilo hupandisha kiwango cha kuchemka kwa digrii 20 hivi. Kwa hiyo maji ambayo yangechemka kwenye digrii 95 hustahimili hadi 115. Mpira wa kifuniko ukikatika au springi ikilegea, askiba yote hiyo ya digrii 20 hupotea, na bei ya kifuniko hailingani hata kidogo na bei ya rejeta.

MASWALI MANNE KABLA YA SPANA

Swali la kwanza ni hili: gari huchemka wakati gani? Likichemka likiwa limesimama katika foleni, kisha likapoa likianza kwenda kasi, shaka iangukie feni, kwa sababu likienda kasi upepo wa njiani hufanya kazi ya feni. Likichemka mlimani na mzigo, ilhali mjini ni zima, shaka iangukie mzunguko wa maji, kifuniko na rejeta iliyoziba. Likichemka dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, shaka iangukie themostati iliyokwama, hewa iliyonaswa ndani, au gasketi ya hedi inayovujisha moto wa silinda.

Swali la pili: je, maji hupungua? Kama hupungua, yanakwenda wapi? Yakidondoka chini, njia yake huonekana. Gari lipoe, litazamwe mipira ya maji, viungo vyake, pampu ya maji na tangi la akiba. Alama nyeupe au ya kutu iliyokauka huonyesha mahali palipovuja jana. Kama hakuna tone lililoonekana nje, ama yanatupwa na kifuniko kibovu wakati wa joto, ama yanaingia ndani ya injini. Yakiingia ndani, moshi mweupe usiokwisha hutoka katika ekzosi hata injini ikishapata moto, au oili hugeuka rangi na kufanana na chai ya maziwa.

Swali la tatu: je, ni kweli injini ina joto? Mshale wa geji huweza kusema uongo kwa sababu ya waya au kihisio kibovu. Mpira wa juu wa rejeta, mvuke na harufu ndio mashahidi wengine. Shahidi mmoja asipewe uamuzi peke yake.

Swali la nne: ni nini kilichofanywa katika gari hili kabla halijaanza kuchemka? Swali hili ndilo husahauliwa zaidi, na ndilo linaloeleza kwa nini magari mengi huchemka baada ya kutengenezwa.

MAKOSA YANAYOZALIWA NA MATENGENEZO

La kwanza ni kuondoa themostati. Wengi huamini kwamba kwa kuiondoa, maji yatapita kwa wingi na injini itapoa. Katika injini nyingi, zikiwamo za Toyota, themostati ina kazi mbili. Inapofunguka kuyaruhusu maji yaende kwenye rejeta, upande wake wa pili hufunga njia ya mkato ambayo huyarudisha maji kwenye injini bila kupita katika rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi daima. Sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini tu, ikiwa na moto wake uleule. Barabarani pakavu gari laweza kuvumilia, lakini likielemewa na mzigo huchemka. Na siku za baridi injini hiyo hiyo hukawia kupata moto, hula mafuta mengi na huchakaa haraka.

Themostati hupimwa kwa urahisi. Itundikwe kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, na maji yapashwe moto polepole. Joto la kuanza kufunguka huwa limechapwa juu ya chuma chake, mara nyingi digrii 82 au 88. Ikifunguka hapo, ni nzima na irudishwe. Isipofunguka, inunuliwe nyingine ya namba hiyo hiyo.

La pili ni hewa. Kila mara maji yanapomwagwa na kujazwa upya, hewa hunaswa katika sehemu za juu za injini. Mahali penye hewa hapana maji, na chuma cha hapo huungua hata kama rejeta imejaa hadi mdomoni. Dawa yake ni kuegesha gari pua ikitazama juu ya mteremko, kujaza maji polepole, kuwasha injini bila kifuniko ingali baridi, kufungua hita ya ndani kama ipo, na kungoja hadi themostati ifunguke na mapovu yaishe, huku maji yakiongezwa. Hapo ndipo kifuniko hufungwa. Kazi hii yataka subira, na fundi mwenye foleni ya magari mlangoni huenda akaikatiza.

La tatu ni kufunga gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda. Gasketi haiungui yenyewe bila sababu. Mara nyingi huungua kwa kuwa injini ilikwisha kuchemka kwa jambo jingine, na joto hilo hilo hupinda hedi au huipasua. Hedi haina budi kuwekewa rula ya chuma iliyonyooka kabisa, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, na nafasi iliyo chini ya rula ipimwe kwa vijiti vyembamba vya kupimia. Vitabu vya injini nyingi za aina hii haviruhusu mpindo wa zaidi ya milimita 0.2, na vingine huruhusu kidogo kuliko hapo. Ikizidi, hedi husawazishwa kwa mashine au hubadilishwa. Aidha, ipimwe kwa maji ya shinikizo ili mipasuko isiyoonekana kwa macho ijitokeze.

Bolti za hedi nazo zina utaratibu wake. Huanzwa za katikati, kisha kwenda pembeni, kwa hatua mbili au tatu, kwa kutumia spana yenye kipimo cha nguvu. Kukaza kwa kukisia ni kuualika ugonjwa urudi. Isitoshe, katika injini kadhaa za dizeli gasketi huuzwa kwa unene tofauti tofauti, na alama zake hukatwa pembeni. Gasketi inayotolewa ilinganishwe na inayofungwa, tundu kwa tundu.

La nne ni dawa za unga za kuziba rejeta. Huziba tundu dogo leo, na kesho huziba mirija ile myembamba ambayo maji yalipaswa kupita.

FENI, MKANDA, PAMPU NA MENGINEYO

Mambo mengine hayahitaji maneno mengi, lakini yasirukwe. Mkanda wa feni usukumwe kwa kidole gumba katikati. Ukibonyea sana kupita sentimita moja, au ukiwa unang'aa na kupasuka, pampu na feni hazizunguki kama ipasavyo. Feni yenye klachi ya mafuta izungushwe kwa mkono injini ikiwa imezimwa. Ikizunguka huru kama baiskeli iliyopinduliwa, klachi yake imekufa. Pampu ya maji yaweza kuonekana nzima kwa nje huku mapanga yake ya ndani yameliwa na kutu. Rejeta nayo itazamwe kwa nje, kwani vumbi jekundu na matope hukauka baina ya mapezi yake na kuzuia upepo. Ioshwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi kutoka upande wa injini kwenda nje, ili mapezi yasilale.

Iwapo kuna shaka ya gasketi, tazama mpira wa juu wa rejeta asubuhi. Ukiwa mgumu kama jiwe dakika moja tu baada ya kuwasha, kabla injini haijapata moto, basi ni moto wa silinda unaoingia katika maji. Gereji nyingine zina dawa ya majimaji ya rangi ya buluu ambayo hugeuka kuelekea manjano ikikutana na hewa ya ekzosi mdomoni mwa rejeta.

Mwisho, si kila joto hutoka katika maji. Breki zinazokwama, pampu ya dizeli iliyotegwa vibaya, ekzosi iliyoziba, mzigo uliopita kiasi, na dereva anayepanda mlima kwa gia kubwa huku injini ikiguguna, yote haya huzaa joto ambalo hakuna rejeta itakayolishinda.

TURUDI KWA PIKAPU YETU

Kwa nuru hiyo natuitazame tena pikapu ya mfano. Ilichemka kwanza mlimani, na mjini ilikuwa nzima. Hakukuwa na tone lililoonekana chini. Ushahidi huo ulikielekea kifuniko kabla ya rejeta. Tuseme mpira wake ulikuwa umekatika. Shinikizo halikuwapo, maji yakachemka mapema, yakatupwa nje na kupungua kila safari. Rejeta mpya ilipofungwa, kifuniko kilekile cha zamani kilirudishwa juu yake. Kisha themostati ikaondolewa, na ugonjwa wa pili ukazaliwa. Kisha joto la mara mbili likapinda hedi, nayo ikafungwa gasketi mpya bila kupimwa, na ugonjwa wa tatu ukazaliwa. Gari lililoingia Gatsata na ugonjwa mmoja wa bei ndogo limetoka na magonjwa matatu, na hakuna fundi aliyedanganya. Kila mmoja alitengeneza alichoambiwa.

Ndiyo maana mtu akipelekewa gari la namna hiyo leo, asianze na kipuri cha nne. Aanze upya na ushahidi, arudishe themostati, abadilishe kifuniko, apime hedi, atoe hewa, halafu alijaribu gari katika mlima ule ule na mzigo ule ule. Gari lililojaribiwa uani mwa gereji halijajaribiwa.

LINAPOCHEMKA NJIANI

Dereva aonapo mshale unapanda, apunguze mwendo, azime kipoza hewa, na akiwa na hita aifungue yote, maana nayo ni rejeta ndogo. Asimame mahali salama. Kama maji hayajamwagika, aiache injini izunguke polepole kwa muda mfupi ili feni iendelee kupoza. Kama maji yamekwisha au mvuke unafumka, aizime mara moja.

Kifuniko kisifunguliwe moto ukiwapo. Maji ya digrii zaidi ya 100 yaliyofungwa hulipuka yakifunguliwa, na kuunguza uso na macho. Angoje nusu saa au zaidi, hadi mpira wa juu ushikike kwa mkono bila shida. Maji baridi nayo yasimwagwe kwa ghafla katika injini yenye moto, kwani chuma hupasuka. Dawa ya kupozea ichanganywayo na maji huwa mara nyingi na ethilini glaikoli, ambayo ni sumu yenye utamu. Isiachwe ovyo mahali penye watoto na mifugo, wala isimwagwe mfereji. Mfereji wa Gatsata huingia Nyabugogo, Nyabugogo huingia Nyabarongo, na maji hayo hufuata Akagera hadi Ziwa Victoria.

KITABU CHA GARI

Mwaka 1987 jeshi la Chad lilitumia pikapu nyepesi za Toyota dhidi ya vifaru vya Libya, hata vita hivyo vikaitwa Vita vya Toyota. Wengi hukumbuka makombora yaliyofungwa juu ya magari hayo. Ni wachache wakumbukao kwamba pikapu isiyopoa jangwani haifiki kwenye mapigano. Kwetu sisi jambo ni lile lile kwa sura nyingine. Pikapu ya doria ndiyo hubeba majeruhi wa ajali, mama mjamzito wa kijiji cha mbali, na askari waendao kuwaokoa wenzao. Ikisimama Shyorongi usiku, anayelipa gharama ni mtu aliyekuwa akiingoja.

Kwa hiyo kila gari liwe na kitabu chake, na kiandikwe kweli. Iandikwe tarehe, mahali, mzigo, mwendo, mshale ulifika wapi, maji kiasi gani yaliongezwa, na kila kipuri kilichotolewa na kilichofungwa. Kipuri cha zamani kirudishwe kikosini ili kitazamwe. Dereva aliyechemsha gari na akaendelea kilomita kumi ili asichelewe aseme hivyo, na mkuu wake asimwadhibu kwa kusema kweli, kwani akiadhibiwa leo, kesho wote watanyamaza na hedi zitapinda kimya kimya.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ili kuziba ufa, yapasa kwanza ujue uko wapi. Fundi wa Gatsata ana mikono yenye ujuzi. Ndugu askari, mpelekee pamoja na gari maelezo kamili ya ugonjwa wake, naye atakurudishia gari lililopona.